Highway to Hell au Back in Black: uanze na ipi?

Mtu akishaonjeshwa AC/DC, bendi ya roki nzito kutoka Australia, kwa wimbo mmoja tu, wa redioni au wa kwenye simu ya rafiki, swali linalofuata huwa ni hili: nichukue albamu gani? Majina mawili yatatajwa kabla ya mengine yote, Highway to Hell iliyotoka Julai 1979 na Back in Black iliyotoka Julai 1980. Wengi humjibu, "Sikiliza zote mbili." Ni jibu la kweli, ila linaruka jambo lenyewe. Albamu utakayoanza nayo ndiyo itakayokupa sikio la kuisikilizia ile nyingine, na kwa hizi mbili mpangilio una uzito kuliko kwa albamu nyingine zozote za roki nzito ninazozijua.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute mwishoni. Back in Black imejengwa vizuri zaidi, na sioni haja ya kubishana na hilo. Hata hivyo, kwa watu wengi nasema waanze na Highway to Hell. Kuna watu wa aina mbili ambao nawashauri kinyume, na nitawataja.

Uzuri wa kuzilinganisha hizi mbili ni kwamba karibu kila kitu kimebaki palepale. Angus Young yuko kwenye gitaa la solo, kaka yake Malcolm kwenye gitaa la rithimu, Cliff Williams kwenye besi na Phil Rudd kwenye dramu. Prodyuza ni yuleyule. Kila albamu ina nyimbo 10, moja ina dakika 41 na ushei, nyingine dakika 42 na ushei. Kilichobadilika ni mwimbaji na mahali pa kurekodia, na katikati yake kuna kaburi.

Mtu kutoka Mufulira

Kabla ya 1979 AC/DC walikuwa wakirekodi kifamilia. Akina Young walizaliwa Glasgow, Scotland, wakahamia Australia na wazazi wao mwaka 1963. Kaka yao mkubwa, George, alikuwa ameshapata jina na bendi ya The Easybeats, na yeye pamoja na mwenzake Harry Vanda ndio waliowatengenezea wadogo zake albamu zao katika studio za Albert mjini Sydney. Ukizisikiliza zile za mwanzo unasikia bendi ikipiga chumbani, jasho likitoka, makosa madogo yakiachwa yapite. Australia waliwapenda, Uingereza ikaanza kuwapenda. Redio za Marekani ndizo zilizowapa kisogo, na kampuni yao ya rekodi, Atlantic, ikataka aletwe prodyuza mwingine. Kwa Malcolm na Angus hilo halikuwa jambo jepesi: walikuwa wanaambiwa wamweke pembeni ndugu yao wa damu.

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa Eddie Kramer, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa fundi mitambo wa studio wa mpiga gitaa Jimi Hendrix. Walikutana naye Miami mwanzoni mwa 1979 na kazi haikwenda. Malcolm akampigia simu meneja wao, Michael Browning, na hapo ndipo Robert John Lange, anayeitwa Mutt, alipoingia.

Lange alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba katika Zambia ya leo, jirani kabisa na mpaka wa Congo. Ng'ambo ya mpaka huo, upande wa Katanga, Kiswahili ndicho lugha ya mitaani. Akakulia Afrika Kusini, kisha akaenda Uingereza kutafuta kazi ya studio. Huenda jina lake hulijui, lakini kazi yake umeshaisikia. Come On Over, albamu ya Shania Twain ya 1997, aliitengeneza yeye, na Kenya, ambako muziki wa kantri una wapenzi wa kweli, ni vigumu kumpata mtu asiyeujua wimbo hata mmoja wa mle. Hata ule wimbo mkubwa wa mapenzi wa Bryan Adams wa mwaka 1991 ni mkono wake. Viitikio vinavyoimbwa na watu wengi kwa pamoja na kukukaa kichwani hata usipotaka, hiyo ndiyo alama yake, na mwaka 1979 alikuwa akiipima kwa bendi ngumu kuliko zote alizowahi kushika.

Walirekodi katika studio za Roundhouse, kaskazini mwa London, Machi na Aprili 1979. Lange hakuwabadilisha upigaji wao. Alichofanya ni kupunguza. Sikiliza wimbo wa kwanza, ule wenye jina la albamu: gitaa linapiga sentensi fupi, linanyamaza, linapiga tena. Ukimya ule ni sehemu ya wimbo sawasawa na mlio. Dramu zinapoingia zinakuta nafasi imeshaandaliwa. Na kwenye kiitikio unasikia waitikiaji waliosimama pamoja kama watu wa kwaya. Albamu za Sydney zilikuwa nao waitikiaji, lakini kwa mpangilio wa namna hii hawakuwapo. Lange mwenyewe alijua kuimba, na ndiye aliyemwelekeza mwimbaji wao namna ya kutunza pumzi ili sentensi isimkatikie njiani.

Bon

Mwimbaji huyo alikuwa Bon Scott, na kwangu yeye ndiye sababu kubwa ya kuanza na albamu hii.

Alizaliwa Scotland mwaka 1946, akapelekwa Australia akiwa na miaka sita, akakulia Fremantle. Alipojiunga na AC/DC mwaka 1974 alikuwa amewazidi Malcolm na Angus kwa umri na kwa misukosuko. Hali hiyo inasikika. Bon haimbi kama mtu aliyepanda jukwaani kukuhutubia. Anaimba kama mtu aliyevuta kigoda kijiweni, ameshasimulia visa viwili, na sasa anaanza cha tatu. Sauti yake ina mkwaruzo lakini maneno yanatoka wazi, anachelewa nusu mpigo pale anapotaka ucheke, anaharakisha pale anapotaka usimshtukie. Katika Touch Too Much anaanza chini, karibu kama mtu anayenong'ona, na wimbo unapanda pamoja naye. Alionekana akiuimba kwenye televisheni ya Uingereza tarehe 7 Februari 1980. Siku kumi na mbili baadaye alikuwa amefariki.

Jina la albamu limewatisha wengi, na katika nyumba zetu za Kiislamu na za Kikristo si ajabu mzazi akiuliza ni nini hiki. Njia ya kwenda motoni, na kwenye jalada Angus amevaa pembe na ameshika mkia. Ukiusikiliza wimbo wenyewe utakuta habari za mtu wa safarini. Bendi ilikuwa barabarani miezi kwa miezi, ikilala kwenye basi na kuamkia mji mwingine, na maisha hayo ndiyo waliyoyaita hivyo. Ibada ya shetani haimo humo. Bon anajigamba, na chini ya majigambo kuna uchovu. Ukishajua kilichompata mwaka uliofuata, uchovu ule unausikia vizuri zaidi.

Si kila wimbo uko juu. Love Hungry Man ndio dhaifu kuliko yote, na Angus mwenyewe amewahi kusema haupendi. Get It Hot unapita tu. Lakini If You Want Blood umeshikwa kwa kamba moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Walk All Over You una ule mwendo wa kuanza polepole kisha kufyatuka ambao Phil Rudd anauongoza bila kuongeza pigo moja lisilohitajika. Albamu inafungwa na Night Prowler, blues nzito ya zaidi ya dakika sita kuhusu mtu anayezunguka nyumba usiku. Ni wimbo wa kutisha kwa kukusudia. Usiuweke watoto wakiwa karibu.

Kilichotokea katikati

Highway to Hell ilifika nambari 17 katika chati ya albamu ya Marekani, ikawa ya kwanza ya AC/DC kuuza milioni huko. Mlango waliokuwa wakiubisha kwa miaka ukafunguka. Januari 1980 walimaliza ziara, Februari wakaingia chumba cha mazoezi London kuandaa albamu inayofuata. Bon alifika akakaa kwenye dramu, akawasaidia kupiga rasimu za nyimbo mbili, wakakubaliana ataleta maneno baadaye. Tarehe 19 Februari 1980 alikutwa ndani ya gari lililoegeshwa East Dulwich, kusini mwa London, baada ya usiku wa pombe. Alikuwa na miaka 33. Majivu yake yalizikwa Fremantle, na ni baba yake aliyewaambia akina Young kwamba wasiache, watafute mtu waendelee.

Mtu huyo alikuwa Brian Johnson, kutoka Gateshead kaskazini mwa Uingereza, aliyewahi kuimba na bendi ya Geordie. Bon mwenyewe aliwahi kumsikia na kumsifu mbele ya wenzake. Kufikia Aprili Brian alikuwa ndani ya bendi, na kabla mwezi haujaisha walikuwa Nassau, visiwa vya Bahamas, katika studio za Compass Point za Chris Blackwell, yule wa Island Records aliyemtangaza Bob Marley duniani.

Usifikiri ni ufukwe na nazi. Vifaa vyao vilikwama forodhani, dhoruba zikapiga, umeme ukawa wa kukatika. Brian alikaa chumbani na daftari akijaribu kuandika maneno ya kuingia mahali pa mtu aliyekufa wiki chache zilizopita, kwa watu ambao bado walikuwa kwenye matanga. Amesimulia kwamba alipokwama kwenye wimbo wa kwanza, ngurumo ilikuwa inapiga nje na Lange akamwambia aandike hicho anachokisikia. Ndiyo maana Hells Bells inaanza na hali ya hewa.

Na kengele. Hii ndiyo sehemu ya kisa chote niipendayo. Walitaka kengele halisi. Fundi mitambo wao, Tony Platt, alikwenda Loughborough, Uingereza, kurekodi kengele za mnara wa kumbukumbu ya vita, lakini kila ikigongwa ndege waliokaa juu wanaruka na kupigapiga mabawa ndani ya rekodi. Mjini humohumo kuna kiwanda cha kengele cha John Taylor, ambacho tayari kilikuwa kinawatengenezea AC/DC kengele yao ya jukwaani, yenye uzito wa kama tani moja. Platt akairekodi hiyo hapo kiwandani, kwa gari la studio la kuhamahama. Ulichosikia mwanzoni mwa Back in Black ni shaba ya kweli iliyogongwa kwa mkono.

Back in Black inavyosikika

Jalada ni jeusi tupu. Bendi ilitaka liwe jeusi kwa ajili ya maombolezo, na kampuni ikaomba angalau maandishi yapewe mstari mwembamba wa kijivu ili yaonekane. Ukishapita kengele, hata hivyo, humo ndani hamna kilio. Malcolm na Angus walimwambia Brian wimbo wenye jina la albamu usiwe wa huzuni, uwe wa kumsherehekea mtu. Ukaja wimbo ambao mpiga gitaa yeyote wa mtaani anaujaribu ndani ya mwezi wake wa kwanza na kuchukua miaka kuupiga sawasawa. Noti zake si ngumu. Kazi iko kwenye kusubiri, kwa sababu Malcolm anajua ni lini hasa nyuzi zinyamazishwe.

Brian ni sauti nyingine kabisa. Anaimba juu, kwenye ncha ya koo, kama mtu anayepaza sauti kuvuka uwanja wa mpira. Nguvu yake ni kubwa na haichoki. Kinachopotea ni kile cha kijiweni: hakuna mtu anayekusimulia kitu. Maneno mara nyingi ni majigambo na mafumbo ya chumbani, na mafumbo yenyewe si ya kufichika sana. Givin the Dog a Bone na Let Me Put My Love into You ni nyimbo ambazo muziki wake ni mzuri kuliko maneno yake, na kama nyumbani kuna mtu anayefuatilia Kiingereza, utajua mwenyewe uso uuweke wapi. Kuna uvumi wa miaka mingi kwamba Bon aliacha maneno yaliyotumika humu. Majina ya watunzi ni Young, Young na Johnson, na bendi imeukana uvumi huo mara zote. Mimi masikio yangu yanakubaliana na bendi: Bon angeandika kwa namna nyingine.

Lakini sauti ya rekodi! Hapa Highway to Hell inaachwa nyuma. Kila chombo kina mahali pake. Gitaa la Malcolm liko upande mmoja, la Angus upande wa pili, na unaweza kunyoosha kidole kuonyesha kila mmoja alipo. Dramu za Rudd zina kifua. Hakuna kilichoongezwa ili kujaza. Albamu ilichanganywa New York, katika studio za Electric Lady alizozijenga Hendrix, na mafundi wa sauti duniani bado huipiga wanapopima spika mpya. Shoot to Thrill unabadilika sura mara kadhaa ndani ya dakika tano bila kuteleza. You Shook Me All Night Long ni wimbo wa sherehe uliokamilika. Nao wa mwisho, Rock and Roll Ain't Noise Pollution, uliandikwa hukohuko Nassau kwa haraka kwa kuwa walikuwa na nyimbo tisa na ikatakiwa ya kumi. Mwanzoni kabisa unamsikia Brian akiwasha sigara.

Mauzo yako wazi: nambari 1 Uingereza, nambari 4 Marekani, na nakala zaidi ya milioni 25 zimethibitishwa Marekani peke yake. Ni miongoni mwa albamu zilizouzwa kuliko zote duniani. Hilo lisikuamulie, kwa sababu albamu nyingi nzuri hazikuuza.

Sasa chagua

Wale watu wa aina mbili niliowataja ni hawa. Kama unajifunza gitaa au dramu, anza na Back in Black. Hakuna darasa bora la kujua kwamba bendi ni watu wanaoachiana nafasi, na kwa usafi wa ile rekodi unaweza kumfuata mpigaji mmoja tu wimbo mzima, kisha ukarudi kumfuata mwingine. Pia kama umenunua spika au hedifoni nzuri na unataka kujua ulichonunua, anza nayo hiyo. Tafadhali usiihukumu kwa spika ndogo ya simu. Besi ya Cliff Williams iko chini sana na simu haiifikii. Utabaki na gitaa na kelele za Brian, na utaniambia huoni walichokiona watu.

Kwa wengine wote, na hasa wewe unayesikiliza maneno, uliyelelewa na waimbaji wanaosimulia, anza na Highway to Hell. Msikilizaji wa taarabu au wa rumba atamwelewa Bon haraka kuliko anavyodhani, kwa maana anajua mwimbaji mzuri huipa hadithi sura ya mtu. Ukianza na Back in Black utapata mashine nzuri ajabu, utaifurahia, kisha utarudi kwenye albamu ya 1979 na kuiona nyembamba kidogo, kama picha ya zamani. Nimewaona watu wengi wakimpita Bon kwa njia hiyo, na inaniuma. Ukianza na Bon, lile jalada jeusi litakapokuja utajua limevaliwa kwa ajili ya nani.

Usichukue mkusanyo wa nyimbo bora badala yake. AC/DC walikataa kwa miaka mingi kuuza nyimbo zao mojamoja kwenye intaneti. Kwenye iTunes waliingia Novemba 2012 tu, na kwenye huduma za kusikiliza kwa bando Juni 2015. Walitaka albamu isikilizwe nzima kwa mpangilio wake, na kwa hizi mbili walikuwa sahihi. Zote zilipangwa kwa santuri, nyimbo tano kila upande. Wimbo wa Back in Black ndio unaofungua upande wa pili, na ukiipata kwenye santuri ule muda wa kuinuka kwenda kuigeuza unaufanya uingie kwa kishindo zaidi. Ukiwa unatumia simu, zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo, na pakua albamu nzima usiku bando likiwa nafuu.

Tenga saa moja na nusu, siku ambayo hutasumbuliwa. Weka Highway to Hell kuanzia wimbo wa kwanza, usiruke hata Love Hungry Man. Night Prowler ikiisha, hiyo ndiyo mara ya mwisho Bon Scott kusikika kwenye albamu mpya ya studio akiwa hai. Zima. Kaa kimya dakika mbili tatu, nenda kanywe maji. Halafu rudi, ongeza sauti kidogo, na uiache kengele igonge.